Kwa Mwakio, Ambaye Hakumfukuza Ndovu

Mwakio mwanangu,

Sweta iko juu ya begi, si ndani, kwa sababu nyanya yako ataitafuta kesho kabla ya kukuaga, na asipoiona tutachelewa treni. Nimemwambia Kisumu kuna joto kama hapa Voi. Anaamini kila mahali palipo mbali na Kasigau pana baridi. Mambo mengine ya aina hiyo, dawa na chaji na watu wa kuepuka, baba yako ameshayasema na atayasema tena stesheni. Mimi nayapita.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili uliniuliza swali nikalikwepa. Ulikuwa umekaa sakafuni unakunja mashati, mimi napiga pasi. Ukasema bila kuinua macho, "Mama, huko hakuna mtu ananijua. Sasa nitakuwa nani?" Nikakujibu, "Utakuwa mwanafunzi. Nipe hilo shati la bluu." Ukacheka, ukanipa shati.

Tangu ulipozaliwa umenijua kama mwandishi wa habari wa redio. Ninayeuliza maswali ni mimi, na mtu akinijibu vile nilivyokujibu, humwambia, "Asante, lakini silo nililouliza." Wewe hukuniambia. Basi nimelibeba swali lako wiki hii yote, nimeingia nalo mahakamani na kwenye mkutano wa wenye mashamba, na sasa chakula kimeliwa, nyanya yako anabishana na baba yako kuhusu ile sweta, nami nimekaa nikujibu kwa njia pekee ninayoijua, yaani kwa kueleza yaliyotokea.

Tuanze na ndovu, maana kila mtu huanza naye.

Ulikuwa darasa la tano, likizo, kwa nyanya yako Kasigau. Asubuhi alinipigia simu akasema ndovu ameingia shambani, amekula mahindi na kukanyaga pojo, na kwamba Mwakio amepiga mabati mpaka ndovu akaondoka. Siku hiyo nilikuwa nimepangiwa kwenda huko huko kuandika juu ya mashamba yaliyoliwa. Nilipofika nilikukuta umekaa kwenye kigoda umejifunika blanketi, na jua lilikuwa kali. Nikakuwekea maikrofoni mbele ya mdomo kama ambavyo ningemwekea mtu mwingine yeyote.

"Ulifanya nini?"

"Nilipiga mabati."

"Halafu?"

"Ndovu akaenda."

Ukaendelea kusema. Ulisema ulikuwa unamwita Nyanya, ukasema na mambo mengine, lakini jirani mmoja alikuwa anapiga kelele nyuma yako na sauti haikuwa safi. Studioni nilikata hapo kwenye "akaenda". Taarifa ilikuwa na nafasi ndogo, na iliishia pazuri.

Tulichosoma hewani ni kwamba mvulana wa darasa la tano amemfukuza ndovu kutoka shamba la nyanya yake kwa kupiga mabati. Ningeulizwa, ningeweza kutetea karibu kila neno. Mabati yalipigwa. Ndovu aliondoka. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu mimi huwaambia siku ya kwanza: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Kwako niliruka lile "wapi". Sikukuuliza ulikuwa wapi ulipoyapiga hayo mabati.

Ulikuwa chooni.

Najua unajua, na wilaya nzima ya zamani inajua, lakini acha niliandike kwa mkono wangu mara moja. Ulikwenda choo cha nyuma ya nyumba mapema, ukasikia mahindi yakivunjika, ukachungulia kwenye tundu la bati ukaona mguu. "Mguu tu, Mama," uliniambia miaka ya baadaye. "Haukuwa na mwisho." Ukaanza kupiga ukuta ili nyanya yako aje akutoe. Nyanya yako alifungua mlango wa nyumba, akamwona ndovu, akaufunga. Nilipomuuliza kwa nini hakutoka, alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Nitoke nifanye nini? Nimsalimie?"

Ndovu aliondoka kwa sababu zake. Huenda hakupenda kelele, huenda alikuwa ameshiba. Wewe ulibaki humo mpaka watu walipokuja kukushika mkono.

Uliporudi Voi ulikuwa na jina. Mwalimu alikusimamisha kwenye gwaride la asubuhi. Kanisani mchungaji alikuita mbele na kukulinganisha na vijana wa kwenye Maandiko. Wenye maduka walikupa soda. Mwanzoni ulijaribu kueleza. Nilikusikia nje ya duka la kina rafiki yako Salim ukisema, "Lakini mimi nilikuwa...", na mama mmoja akakukatiza, "Ona, na ni mnyenyekevu pia." Ukanywa soda.

Ulipofika darasa la saba ulikuwa unaisimulia bila choo. Niliwasikia wageni wakikuuliza sebuleni, mimi niko jikoni. Ukasema, "Nikasimama hivi, yeye yuko pale." Ulikuwa umeshajitoa chooni ukajiweka katikati ya shamba. Nikageuza chapati nikajiambia, huyu mtoto anajiamini. Jioni hiyo hiyo nilikutuma uanue nguo nje ukasema tumbo linauma. Tumbo lako liliuma kila jioni kulipokuwa na nguo za kuanua. Niliyaona yote mawili na sikuyaweka pamoja, mimi ambaye hulipwa kuweka mambo pamoja.

Nikueleze kilichonifumba macho. Si udhuru, ni habari ya awali.

Nilipokuwa na umri kama uliokuwa nao kidato cha kwanza, nilipelekwa shule ya bweni kule Wundanyi. Wasichana wa milimani waliicheka lugha yetu ya Kasigau. Nikisema neno, wanalirudia kwa pua, bweni zima linaanguka kicheko. Muhula wa pili nilikuwa nasema kama wao. Nilirudi nyumbani likizo nikamsalimia mama, yaani huyu nyanya yako, kwa matamshi ya mlimani. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akanijibu kwa Kiswahili, kile anachokitumia kwa wageni wa serikali. "Karibu, mgeni. Utakunywa chai?" Alinikarimu kama mgeni mpaka siku ya pili, nilipoomba chai kwa lugha ya kwetu nikisahau. Alinimiminia kikombe kikubwa.

Hilo halikuniumiza. Nilijua ni nguo nimevaa, na nilijua naivulia kwenye mlango gani.

Jambo la pili lilikuja mwaka uliofuata, baba yangu alipofariki. Sikulia kaburini. Si kwamba nilikuwa na nguvu, nilikuwa sijaelewa bado. Lakini akina mama waliokuwa nyuma yangu walisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ni jiwe. Huyu ndiye atakayemshika mama yake mkono." Nilikuwa nimesimama na viatu vya kuazima, sijui niangalie wapi, na mtu akaniambia mimi ni nani. Nikakubali. Siku nilipoelewa kwamba baba harudi, ilikuwa wiki nyingi baadaye, nilikuwa napepeta mchele, na nilishindwa kulia kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na watu waliojua mimi ni jiwe.

Ujiwe huo umenilisha, na wewe umekula humo. Ajali ikitokea barabara kuu, studio wanasema, "Mtume yeye, hatingishiki." Na ni kweli huwa sitingishiki. Siku uliyozaliwa baba yako alilia wodini mpaka nesi akampa kiti, mimi nikauliza uzito wako. Sijutii sana. Nasema tu kwamba sikujichagulia. Nilipewa na wapita njia, nikiwa na umri ambao mtu huchukua chochote anachopewa.

Tusi ukipewa, unajua ni la aliyelitoa. Sifa unaivaa mwenyewe, na ukishaivaa unaogopa kuivua mbele za watu. Mimi nililijua hilo kwa miaka mingi, na bado nikakushonea yako.

Kidato cha pili ulikuwa na miendo mitatu. Sijui kama ulijua naiona. Mmoja ulikuwa wa kupita karibu na shule ya wasichana, bega moja chini, kama mtu aliyepigwa risasi zamani akapona. Mmoja ulikuwa wa kanisani. Wa tatu ulikuwa wa nyumbani, wa kuburuta ndara. Sauti pia zilikuwa tatu. Ukiwa na Salim ulisema Sheng, ile lugha ya vijana wa mjini, mpaka baba yake, ambaye Kiswahili chake ni cha Mombasa safi, akawauliza kama mmeumwa na mdudu. Wiki moja ulitaka kuwa mwanamuziki, wiki nyingine ukaacha nyama. Baba yako alikuwa na wasiwasi. "Huyu mtoto hajijui," akasema. Nikamwambia nimeona wagombea udiwani wakibadilika zaidi ya hapo kwa juma moja, na wao ni watu wazima. Miendo haikunisumbua. Ulikuwa unavaa na kuvua. Kilichopaswa kunisumbua ni kile kimoja ambacho hukukivua kamwe, na hicho nilikuwa najivunia.

Halafu ikaja siku ya mazingira shuleni kwenu, uko kidato cha tatu. Nilikuja kwa kazi. Nilikuwa nimeketi safu ya mbele na kinasa sauti, kati ya askari wa wanyamapori na mwakilishi wa wazazi. Mwalimu akashika maikrofoni.

"Na sasa wageni wetu, sisi hatuhitaji kualika shujaa kutoka nje. Tunaye wetu. Mwakio, hebu njoo uwaambie."

Ulitembea kwa mwendo wa nyumbani. Hilo lilinifanya niinue kichwa.

"Nimeambiwa niwaeleze vile nilifukuza ndovu," ulisema. "Sikumfukuza. Nilikuwa chooni."

Hakuna aliyecheka. Walidhani wamesikia vibaya.

"Nilikuwa chooni, nikaogopa, nikapiga mabati nyanya yangu aje anitoe. Nyanya akafungua mlango, akaona ndovu, akafunga."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa kicheko. Yule askari karibu yangu alicheka mpaka akavua kofia. Ukasubiri watulie, jambo ambalo hata watangazaji wetu hawaliwezi.

"Ndovu alienda mwenyewe. Sijui ni kwa nini. Hakuna mtu alimuuliza. Asanteni."

Nilikufuata nyuma ya madarasa.

"Kwa nini leo?" nikakuuliza.

"Nimechoka kumbeba, Mama."

"Kumbeba nani?"

"Si ni huyo ndovu."

Nikakuambia nimerekodi yote, na kwamba safari hii nakuuliza kwanza kabla sijapeleka popote.

"Peleka," ukasema. "Lakini usikate."

Mhariri wangu hakufurahi. "Sasa hii ya nini? Unaharibu stori nzuri."

"Haikuwa nzuri," nikamwambia. "Ilikuwa fupi."

Tukaiweka nzima, pamoja na pale uliposita na pale uliposema asanteni. Kisha nikakaa kungoja uharibifu.

Ulikuja, si mkubwa. Muhula ule jina lako lilikuwa Choo. Ulikuwa Choo uwanjani, Choo kwenye foleni ya githeri, na mtu alichora mlango wa choo kwenye dawati lako, vizuri kabisa, na bawaba zake. Wewe nyumbani hukusema neno. Nikamsimamisha Salim dukani kwao.

"Wanamsumbua?"

"Mama Mwakio, usitie shaka," akasema. "Jana wamemwita uwanjani, 'Wewe Choo!' Akawajibu, 'Bisha hodi kwanza, kuna mtu.' Wallahi hata mwalimu wa zamu alijificha acheke."

Kabla muhula haujaisha kijana mwingine alitumbukia kwenye tangi la maji naye akapewa jina lake, lako likasahauliwa. Na jioni moja, nikiwa jikoni, nilikuona umesimama kwenye mlango wa nyuma. Ulisema kwa sauti, wala hukuwa unamwambia mtu, "Naogopa kidogo." Ukatoka. Ukarudi na nguo zote za kwenye kamba isipokuwa soksi moja ya baba yako, ambayo ilikutwa asubuhi kwenye mavumbi.

Nimeandika habari nyingi za ujasiri. Katika zote, ile ya soksi ndiyo ninayoiamini zaidi, na haikutangazwa.

Ungefikiri nilijifunza. Sikujifunza. Nilibadilisha kitambaa tu, mshono ukabaki ule ule. Nikaanza kuwaambia watu, "Mwanangu ni mkweli, huyu hawezi kudanganya." Nilisema kanisani, nilisema kwa majirani, nikasema hata mbele yako wageni wakiwa mezani. Ukawa unaangalia sahani.

Basi Jumamosi moja ukaniambia unakwenda mazoezi ya kwaya, na kumbe wewe na Salim mmekwenda Taveta siku ya soko. Mwanamke mmoja anayeuza ndizi huko, na ambaye hunitambua kwa sauti ya redio, alinipigia kuniambia jinsi kijana wangu alivyo na adabu, amemsaidia kubeba mkungu. Ulirudi na viatu vya mtumba na kikohozi cha vumbi. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Kwaya ilikuwaje?"

"Sawa tu."

"Mlikuwa mnaimbia ndizi?"

Ukakaa chini kufungua kamba za viatu. Nami nikasema maneno ambayo bado nayasikia. "Wewe? Wewe wa kudanganya? Wewe niliyemwambia kila mtu kwamba ni mkweli?"

Ukaniangalia umechoka kweli. "Mama, kwani nimeajiriwa kusema kweli?"

Baba yako alitoka nje akacheke. Mimi nilikasirika siku nzima, na kesho yake nikaanza kuona ulichosema. Kosa lako lilikuwa moja la kawaida, la kijana aliyetaka viatu na siku yake mwenyewe, na adhabu yake ilikuwa kuosha masufuria. Mimi nililifanya kuwa msiba kwa sababu lilikuwa limevunja kitu changu. Nilikuwa nimekutoa kwenye shamba la ndovu nikakupandisha kwenye jukwaa jingine, la juu zaidi, maana ujasiri hutakiwa siku ndovu akija, lakini ukweli hutakiwa kutwa.

Unajua kuna kanuni kazini ambayo sijaivunja hata siku moja. Mtu akishikwa na mbuzi asiye wake, hata kama kamba iko mkononi, siandiki kwamba ni mwizi. Naandika alikutwa na mbuzi. Naandika anadaiwa kuiba. Nangoja hakimu. Na hata hakimu akisema, naandika amepatikana na hatia ya kuiba mbuzi huyo, siku hiyo, mahali hapo. Sisemi yeye ni nani. Sina uwezo huo, na sheria hainiruhusu. Kwa miaka yote hiyo nimewatendea wezi wa mbuzi wa wilaya hii haki ambayo sikumtendea mtoto wangu. Wao niliandika walichofanya. Wewe niliandika ulivyo.

Tangu hapo nimejaribu. Huenda umeona, huenda hujaona. Ulipokesha na nyanya yako hospitalini sikusema, "Una moyo mzuri." Nilisema, "Ulikaa naye." Ulipofeli hesabu sikusema neno lolote la jumla. Ulipokataa mafunzo ya askari wa wanyamapori, ambayo mjomba wako alikuwa ameshawaambia watu utakwenda, kwa kuwa kijana wa ndovu angekwenda wapi kwingine, niliuma ulimi mpaka jioni. Kisha nikakuuliza unataka nini, nikanyamaza mpaka ukajibu, na ulichukua muda.

Ukasema meno.

Nilijua yalianzia wapi. Ulimpeleka nyanya yako kliniki kuchukuliwa kipimo cha meno ya bandia, ukakaa chumba cha nyuma mahali nta inapochongwa, na uliporudi ulikuwa unatazama vinywa vyetu tukila. Mjomba wako alisema huo si wito. Salim ndiye aliyewanyamazisha watu mtaani. "Pembe za ndovu si meno? Jamaa amebaki kwenye kazi ile ile, amepunguza saizi tu." Na nyanya yako, ambaye yale ya kliniki yalimbana akayaweka kwenye bilauri, ameshaagiza kwako seti mpya. Anataka meupe, lakini si meupe kama ya watangazaji wa televisheni.

Sasa nirudi kwenye swali lako.

Kwanza, lina kosa dogo la taarifa. Umesema Kisumu hakuna anayekujua. Jana nilizungumza kwa simu na binamu yangu utakayekaa kwake. Ameshawaambia majirani kwamba yule kijana aliyefukuza ndovu anakuja kuishi kwenye ploti yao. Alisikia ile ya kwanza. Ya pili haikumfikia. Ndivyo ilivyo katika kazi yetu, masahihisho hayatembei mbali kama habari. Kwa hiyo ndovu amekutangulia Kisumu, na utamkuta amekaa sebuleni. Ukitaka kumtoa siku ya kwanza, mtoe. Ukitaka kumwacha akae wiki mbili wakupe soda, hilo ni lako pia. Sitakuuliza.

Pili, utakuwa nani, sijui. Nasema hivi bila wasiwasi. Nimefanya kazi hii muda mrefu vya kutosha kuitambua hofu ya mtu asiyejua jibu, na hiyo sinayo juu yako. Ninayoweza kukupa ni niliyoyaona kwa macho yangu. Ulisimama mbele ya watu wengi ukasema jambo lililokupunguza, na hukupungua. Ulidanganya ukashikwa, ukaosha masufuria, na jioni ile tulikula pamoja. Ulisema unaogopa, ukatoka nje. Hayo yalitokea. Ni yako, hakuna atakayeyakata, lakini pia hayakufungi. Ukifika huko ukawa mtu wa kelele, au wa kimya, au ukarudi Desemba na mwendo wa nne ambao hatujauona, nyanya yako atakukaribisha chai kwa Kiswahili cha wageni. Wewe kunywa. Siku ya pili atakumiminia kikombe kikubwa.

Jambo la mwisho, na hili linahitaji jibu lako kabla ya treni. Mhariri anaandaa kipindi cha watu tuliowahi kuwatangaza na walipo sasa. Wewe ni wa kwanza kwenye orodha yake. Alikuwa ameshaandika utangulizi, una neno shujaa mara mbili. Nimemwomba aniachie niuandike mimi. Kama hutaki usomwe kabisa, niambie kesho asubuhi, nami nitauondoa bila kukuuliza sababu. Kama huna neno, nilichompelekea jioni hii ni hiki:

"Mwakio, mkazi wa Voi, anasafiri kwenda Kisumu kusomea utengenezaji wa meno ya bandia. Mengine aulizwe mwenyewe."

Amenipigia sasa hivi, nilipokuwa naandika ukurasa huu. "Mbona fupi hivyo?" akauliza. "Umekata wapi?"

Nimemwambia safari hii sijakata mahali popote. Nimeishia pale ninapojua.

Mama yako